Makumbusho ya Majirani

Ukipanda matatu ya Nakuru kutoka Nairobi, baridi ndiyo itakayokuambia kuwa umefika Lari kabla makanga hajagonga bati. Barabara imekuwa ikipanda tangu Limuru. Ukungu umelalia mashamba ya kabichi na viazi, na kina mama waliojifunga leso mbili mbili wamepanga karoti kando ya lami. Kimende ni mji mdogo wa barabarani, na wengi hupita bila kusimama kwa sababu mbele kidogo kuna mandhari ya Bonde la Ufa, na huko ndiko watu hupiga picha. Mimi pia nimepita hapa miaka yote nikienda Nakuru kumwona cucu yangu, mamake mama. Safari hii nilishuka. Nilitaka kuyaona Makumbusho ya Amani ya Lari, ambayo wenyeji waliyaanzisha mwaka 2001 na ambayo wamekuwa wakiyaendesha kwa kujitolea.

Tumezoea kudhani kwamba makumbusho ni jambo la jiji. Pale Nairobi unalipa kiingilio, unaiona sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit, na pembe zake zinazokaribia kugusa ardhi, kisha unaingia ndani kumtazama Mvulana wa Turkana. Kila kitu kina kibao, na nyuma ya kila kibao kuna mtaalamu aliyelipwa kukiandika. Makumbusho ya kijijini hayako hivyo. Vitu vyake vimetoka jikoni na chini ya vitanda vya watu wa mtaa: vibuyu, vyondo, kigoda cha mzee, picha zilizofifia. Anayekuonyesha hana sare. Mzee aliyenipokea alisema tu, "Karibu, mwanangu," akanipa daftari la wageni niandike jina langu, akaanza kazi yake.

Kilichonishika kwanza ni kipande. Vijana wa Kenya bado tunalitumia neno hilo kwa kitambulisho: "Umebeba kipande?" Lakini kipande chenyewe kilikuwa karatasi ndani ya kikopo cha bati, kinachoning'inizwa shingoni kwa kamba. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alipaswa kuwa nacho anapotoka eneo lake. Ndani mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la tajiri aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Ukiacha kazi bila tajiri kutia sahihi, wewe ni mtoro, na polisi anaweza kukusimamisha njiani akakujua kwa kusoma shingo yako. Nimeliandika neno hili kwenye fomu mara ngapi bila kufikiri kwamba babu wa mtu alilivaa kama kengele ya mbuzi?

Nilitarajia mzee aanze na usiku wa Machi 1953, maana huo ndio unaolifanya jina la Lari lijulikane vitabuni. Hakuanza hapo. Alianza na Tigoni, na alikaa huko muda mrefu, na nimeelewa baadaye kwa nini.

Tigoni ni upande wa Limuru, mahali ambapo chai ya kwanza ya Kenya ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 20. Walowezi wa Kizungu waliipenda ardhi ile, wakaichukua kipande kwa kipande hadi mashamba ya Wakikuyu waliobaki yakawa kisiwa katikati ya mashamba ya wageni. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Morris Carter na kutoa ripoti yake mwaka 1934, iliona kwamba dawa ni kukiondoa kisiwa hicho. Wenyewe wangepewa ardhi nyingine huko juu, Lari. Wengi walikataa, kwa sababu kwao ardhi haikuwa ekari tu. Palikuwa na makaburi ya wazee, na palikuwa na hesabu ndefu ya nani alinunua kutoka kwa nani kwa mbuzi wangapi, hesabu ambayo huwezi kuihamisha kwa gari. Lakini baadhi walikubali, na mkubwa wao alikuwa Luka Wakahangara. Yeye na wafuasi wake walihamia Lari wakiwa na baraka za serikali, na Luka akawa chifu. Kufikia mwaka 1940 waliokataa walikuwa wameondolewa kwa nguvu.

Hebu fikiria majirani wa namna hiyo. Mmoja amepata shamba kwa kutia saini. Mwingine amepoteza shamba kwa kukataa kutia saini. Wa tatu alikuwa akidai ardhi hiyohiyo ya Lari kabla hao wawili hawajafika, na sasa ameambiwa kuwa dai lake halitambuliwi. Wote wanateka maji mto mmoja. Wanakaa hivyo miaka 13.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Kila kijiji cha Wakikuyu kililazimika kuchagua: kula kiapo cha Mau Mau, au kuingia katika kikosi cha wasaidizi wa serikali kilichoitwa hom gadi, ambacho wenyewe walikiita ngati. Kwa mbali uamuzi huo unaonekana kuwa wa siasa. Lari ulifuata mipaka ya mashamba. Walionufaika na Lari ndio waliokuwa na cha kulinda, na waliokosa ndio waliokuwa na cha kudai.

Alhamisi, tarehe 26 Machi 1953, hom gadi wa Lari waliitwa waende mbali kidogo na kwao, ambako maiti ya mtu ilikutwa imepigiliwa misumari mtini. Walipokuwa huko waliona moto nyuma yao. Vikundi vya wapiganaji vilikuwa vimeingia katika maboma yaliyochaguliwa, 15 kwa jumla. Walifunga milango kwa kamba kutoka nje, wakamwaga petroli kwenye mapaa ya nyasi na kuwasha. Waliotoka kwa dirisha walikatwa kwa panga. Luka Wakahangara aliuawa, na jamaa zake wengi pamoja naye. Kwa kuwa wanaume walikuwa wametolewa kwa hila, wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Idadi zinazotajwa hutofautiana, nyingine 74, nyingine 97.

Hiyo ndiyo sehemu iliyoandikwa sana. Serikali iliwaleta waandishi wa habari na wapiga picha, na picha za majivu na maiti za watoto zikazunguka dunia nzima kuwa ushahidi wa ukatili wa Mau Mau. Ukatili ulikuwepo kweli. Sijaona mtu Lari anayeukana.

Lakini usiku haukuishia hapo. Hom gadi waliporudi wakakuta nyumba zao zikiwaka, wao pamoja na polisi na askari wa akiba walianza kulipiza kisasi usiku huohuo, na wakaendelea siku zilizofuata. Walikamata na kuua waliowashuku, na kumshuku jirani mliyegombana naye kuhusu mpaka si kazi ngumu. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kunyongwa kwa watu wa Mau Mau, anaeleza kwamba mauaji hayo ya pili yaliua watu wengi kuliko ya kwanza, na kwamba jumla ya waliokufa Lari huenda ikakaribia 400. Hao wa pili hawakuletewa wapiga picha. Hakuna aliyeshtakiwa kwa ajili yao.

Kwa ajili ya wafu wa kwanza kesi zilifanyika Githunguri, na zilifanyika haraka. Washtakiwa walikuwa 309, waliopatikana na hatia 136, walionyongwa 71. Mashahidi wengi walikuwa manusura waliosema wamewatambua washambuliaji kwa mwanga wa nyumba zinazoungua. Wengine walisema kweli. Lakini shahidi na mshtakiwa mara nyingi walikuwa na kesi ya ardhi kati yao kabla ya moto kuwashwa, na hakimu Mwingereza hakuwa na njia ya kuijua kesi hiyo. Kwa jumla, wakati wote wa Hali ya Hatari, zaidi ya watu 1,000 walinyongwa Kenya.

Yaliyofuata yaliongeza chumvi kwenye kidonda. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka maboma yao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na ulinzi. Wakati huohuo ardhi ilipimwa upya na kuandikishwa, chini ya mpango uliobeba jina la ofisa wa kilimo, Roger Swynnerton. Waliokuwa upande wa serikali walikuwepo kusimamia upimaji, na wengi waliokuwa upande wa pili walikuwa kizuizini. Walipotoka walikuta hati zimekwisha andikwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 hati hizo hazikuguswa. Serikali mpya ilihimiza watu wasahau na wafanye kazi, na marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki sheria ya nchi hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, mtu aliyepigana msituni alikuwa, kisheria, mwanachama wa kundi haramu.

Cucu yangu alikuwa na kaka wawili. Mmoja aliingia msituni, mwingine alibeba mkuki wa hom gadi. Hilo nililijua tangu utotoni kwa njia watoto wanavyojua mambo, yaani kwa kusikia watu wazima wakinyamaza. Shuleni "mtoto wa ngati" lilikuwa tusi, na nilikuwa nikicheka pamoja na wenzangu nikijua kwamba nusu yake inanihusu. Nilipokuwa chuoni nilimuuliza cucu kilichotokea. Aliniambia kuwa mwaka ule baridi ilikuwa kali, kisha akaniuliza kama nimekula.

Ndiyo maana jambo lililonileta Kimende halikuwa kipande wala vibuyu. Ni hili: makumbusho haya yalijengwa kwa mkono wa pande zote mbili. Miongoni mwa wazee walioyasimamia walikuwepo waliopigana na Mau Mau na waliokuwa hom gadi, na jamaa za waliouawa usiku wa kwanza na wa pili. Walikaa kwenye kamati moja. Walikubaliana vitu gani viwekwe na hadithi ielezwe vipi, watu ambao miaka mingi hawakuwa wakikubaliana hata njia ya ng'ombe ipite wapi.

Wazo lenyewe halikuzaliwa Lari peke yake. Mwaka 1994 Sultan Somjee, mtaalamu wa mila na vifaa vya jadi katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, alianza kuwatuma vijana kwa wazee wa jamii zao kuuliza swali moja: hapa kwenu watu walipatanaje? Hiyo ilikuwa miaka ya mapigano ya kikabila, na Somjee aliona kwamba makumbusho yetu yamejaa mikuki na ngao, kana kwamba mababu zetu walikuwa wakipigana tu. Vijana walirudi na vitu ambavyo hakuna aliyekuwa akivikusanya. Miongoni mwa Wakalenjin ulikuwepo mkanda ambao mwanamke huufunga tumboni baada ya kuzaa: akiuweka chini kati ya wanaume wanaopigana, wanaume hawawezi kuuruka. Miongoni mwa Wakikuyu ilikuwepo muthigi, fimbo ya mzee. Kutokana na kazi hiyo makumbusho madogo ya amani yalianza kuchipuka mahali mbalimbali nchini, kila moja likiendeshwa na wenyeji wake.

Mzee alinionyesha fimbo na akaniachia niishike. Ni nyepesi kuliko nilivyodhani. Alieleza kuwa fimbo ya namna hii haikuwa ya kumpigia mtu. Mzee akiisimika kati ya wagombanao, mazungumzo yameanza, na anayeinua mkono amevunja heshima ya wazee wote. Nilisubiri aniambie babake alikuwa upande gani. Hakuniambia, na sikumuuliza. Nadhani hiyo nayo ni kanuni ya mahali pale: ukiingia, unaonyeshwa kilichotokea kabla ya kujua anayekuonyesha ni wa nani.

Nimefikiria sana tofauti ya chumba kama hiki na kumbukumbu nyingine tulizonazo za wakati ule. Uingereza ilificha mafaili ya makoloni yake ya zamani, maelfu kwa maelfu, kwenye hifadhi ya serikali huko Hanslope Park, na yalijulikana mwaka 2011 kwa sababu wazee wa Kenya walikuwa wameishtaki. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228 walioteswa. Mwaka 2015 mnara ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, kwa fedha zilizotoka Uingereza: mpiganaji akipokea chakula kutoka kwa mwanamke. Ni vitu vya haki na nilivifurahia. Lakini faili limeandikwa na ofisa ambaye alikwenda zake. Hukumu ya mahakama ina mshindi. Mnara una sura mbili tu, na zote za upande mmoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinacholazimika kuamka kesho na kusalimiana na mtu wa upande wa pili dukani.

Makumbusho ya kijijini hulazimika. Wanaoyaendesha ni majirani, kwa hiyo haliwezi kuandikwa humo neno ambalo mwenye nyumba ya pili hawezi kulisoma akabaki amesimama. Msomi anaweza kuona huo ni udhaifu, kwamba ukweli umepunguzwa makali ili watu wasigombane. Mimi naona kinyume chake. Vitabu vya serikali ya kikoloni vilisema usiku wa kwanza bila wa pili. Hotuba nyingi za sikukuu zetu husema mashujaa bila kuutaja usiku wowote. Palipokaa pande zote mbili ndipo pasipowezekana kuacha mojawapo, kwa sababu kuna mtu chumbani ambaye mama yake alikufa katika huo unaotaka kuuacha.

Kinachotia wasiwasi ni upande wa mkoba. Kazi ya kujitolea inategemea mtu kuwa na nafasi, na mtu wa Lari akiwa na nafasi ana viazi vya kupalilia. Kodi, bati linalovuja, mchwa, wageni wanaokuja wiki hii na kukosekana mwezi mzima: yote haya humwangukia mtu mmoja au wawili wenye moyo. Wanaposhindwa, vitu hurudi chini ya vitanda, au huuzwa. Lakini ni vizuri kukumbuka kuwa hata Makumbusho ya Taifa yetu yalianza kwa kujitolea. Mwaka 1910 walowezi na wamisionari waliopenda ndege, wadudu na maua waliunda chama, wakatafuta chumba Nairobi cha kuwekea walivyokusanya. Kutokana na chumba hicho lilikuja jumba lililofunguliwa mwaka 1930. Walijitolea kuhifadhi vipepeo wa nchi hii wakati ambapo wenye nchi walikuwa wakining'inizwa vipande shingoni. Kujitolea si jambo dogo, basi. Ndiko kunakoamua ni nini kitakachoitwa historia baadaye, na nini kitakachotupwa.

Na muda ni mfupi. Mtoto aliyekuwa na miaka minane usiku ule wa Machi alifikisha themanini mwaka 2025. Majina ya wafu wa usiku wa kwanza yako kwenye kumbukumbu za mahakama. Majina ya wengi wa usiku wa pili yako katika vichwa vya watu wa umri huo, na kila mazishi hupunguza orodha. Kazi ya kuyaandika haihitaji shahada. Inahitaji daftari, subira, na kujua uanzie wapi.

Kutoka Kimende niliendelea hadi Nakuru. Kesho yake asubuhi nilikaa na cucu jikoni. Sikumuuliza chochote kuhusu mwaka 1953. Nilimuuliza shamba la babake lilipakana na nani. Aliweka kikombe chini. Alianza na mti wa mugumo uliokuwa mpakani, akaja kwa waliolima upande wa juu, akawataja jina kwa jina pamoja na wake zao, kisha akasema kwamba hilo lilikuwa shamba la pili, si la kwanza. La kwanza lilikuwa Tigoni. Huko ndiko alikozaliwa, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kunitajia, na alifika Lari akiwa mgongoni mwa mamake, kaka zake wawili wakitembea mbele, mmoja amebeba chungu, mwingine akiwaswaga mbuzi.